Wiki sita za farasi, dakika mbili za mtoto

FARASI huyo hakuhitaji kuiona mashine ya kunyoa. Ilitosha kusikia waya ukichomekwa kwenye soketi ya ukutani. Masikio yalisimama, kichwa kikapanda juu, weupe wa macho ukajitokeza na ngozi ya mabega ikaanza kutetemeka kana kwamba amemwagiwa maji ya barafu. Na hapo mashine yenyewe ilikuwa haijanguruma bado.

Saisi aliyemtunza katika boma moja la Karen, viungani mwa jiji la Nairobi, alimjua kuliko alivyowajua baadhi ya jamaa zake. Alikuwa farasi jike wa miaka 24, mpole kwa kila jambo lingine. Watoto watatu wa mwenye boma walijifunza kupanda farasi mgongoni mwake. Alikubali kuinuliwa kwato, kudungwa sindano ya chanjo, hata kuoshwa kwa mpira wa maji asubuhi yenye ukungu. Lakini mashine ilipoletwa, aligeuka kiumbe mwingine kabisa.

Mwaka uliotangulia, wanaume watatu walikuwa wamejaribu kumnyoa kwa nguvu. Mmoja alishika kamba ya kichwani. Wa pili alibana mdomo wake wa juu kwa kitanzi cha kamba kilichosokotwa kwenye kijiti, mbinu ya zamani inayojulikana katika mazizi mengi ya farasi. Saisi ndiye aliyeshika mashine. Kazi ya asubuhi moja iliendelea hadi alasiri. Walipokuwa wamemaliza upande mmoja, farasi alirusha teke lililompata saisi pajani, akachechemea wiki mbili. Wakaacha. Farasi alikaa miezi akiwa amenyolewa nusu, kama zulia lililotafunwa na panya.

Huenda msomaji akajiuliza farasi ananyolewa kwa nini. Katika nchi za baridi kama Uingereza, siku zinapoanza kuwa fupi, farasi huota manyoya mazito ya kumkinga na majira ya baridi. Akifanya kazi nayo hutokwa na jasho jingi, huchelewa kukauka, na baadaye baridi humwingia. Ndiyo maana hunyolewa. Kenya iko kwenye Ikweta, mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, na farasi wengi hapa hawaoti manyoya mazito kiasi hicho.

Huyu alikuwa na sababu nyingine. Alikuwa na ugonjwa wa uzeeni uitwao Cushing, unaotokana na hitilafu katika tezi iliyo chini ya ubongo. Mojawapo ya dalili zake ni manyoya marefu, mara nyingine yaliyojikunja, ambayo hayapukutiki inavyotakiwa. Farasi mwenye ugonjwa huo pia huweza kunywa maji mengi, kukonda misuli ya mgongo, na kupata uvimbe wa ndani ya kwato unaoweza kumlemaza. Huyu alikuwa akipewa kidonge kila siku. Hata hivyo, jua la Januari na Februari lilipowaka, alisimama chini ya mti mchana kutwa akitiririkwa na jasho, na chini ya manyoya ngozi ikafanya vidonda.

Mwanzoni mwa Novemba, daktari wa mifugo alikuja kumpima. Alikuwa binti mdogo kwa umri, na saisi, aliyekuwa na miaka 22 katika kazi hiyo, alimtarajia amdunge farasi dawa ya kulegeza ili wamnyoe wamalize.

“Dawa tunaweza kuitumia ikibidi,” daktari alisema. “Lakini ni mzee, na sipendi kumdunga kila akihitaji kunyolewa. Halafu farasi aliyelegezwa huonekana amesinzia, kumbe anaweza kurusha teke bila kukuonya. Na akishapandwa na hofu ndipo umdunge, dawa haimshiki vizuri.”

Akamtazama farasi, kisha akamtazama saisi. “Mzee wangu, huyu si mkaidi. Anaogopa. Kila mnapomshika kwa nguvu, mnamthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kuogopa.”

Saisi hakujibu. Kazi hiyo aliirithi kwa babake, aliyekuwa saisi wa farasi wa mashindano, na kwa babake kanuni ilikuwa moja: farasi sharti ajue mkubwa ni nani. Kuambiwa na mtu wa umri wa mpwa wake kwamba yeye ndiye aliyemfunza farasi hofu kulimchoma. Lakini mwenye boma, mama mzee aliyempenda farasi huyo kama mtu wa nyumbani, alikuwa ameshaamua.

“Una wiki sita,” alimwambia. “Fanya alivyosema daktari. Sitaki ateseke tena na jua la Januari.”

Jioni hiyo saisi alirudi nyumbani kwake mjini Ngong akiwa na uchungu moyoni. Huko kulikuwa na kichwa kingine kilichokataa kunyolewa.

Mtoto wake wa mwisho alikuwa na miaka sita. Mapema mwaka huo, siku moja kabla ya shule kufunguliwa, baba alikuwa amemketisha kwenye kigoda amnyoe kwa mashine ndogo aliyoinunua ili kuokoa pesa za kinyozi. Mashine ilikuwa haijatiwa mafuta, na meno yake yakapata moto. Yalipomgusa nyuma ya sikio, mtoto aliruka, akakatwa kidogo. Baba akambana kichwa katikati ya magoti na kumalizia. “Mwanamume halii,” alimwambia. Ilichukua kama dakika mbili tu.

Tangu siku hiyo mtoto hakukubali mashine. Alipoisikia ikinguruma aliingia uvunguni mwa kitanda. Alipopelekwa kwa kinyozi sokoni, alitapika mlangoni. Mamake alimpunguza nywele kwa makasi alipoweza, lakini muhula wa tatu mwalimu aliandika barua fupi: mtoto aje shuleni akiwa nadhifu. Baba aliona kwamba mtoto amedekezwa.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Zamani, mtoto alipomsikia babake langoni alikimbia kumpokea. Siku hizi alimwamkia akiwa amesimama kando ya mlango, kisha akaenda kukaa karibu na mamake.

Kazi ya farasi ilianza Jumatatu. Kwa wiki ya kwanza mashine haikuwashwa karibu naye. Saisi aliiweka ndani ya ndoo pamoja na burashi na vitana. Kila asubuhi alimpiga farasi burashi, kisha akampitishia mashine iliyozimwa juu ya bega kana kwamba nayo ni burashi, akampa kipande cha karoti. Siku ya kwanza farasi alirudi nyuma hatua tatu. Siku ya nne aliinusa. Siku ya sita aliendelea kutafuna.

Kisha ukaja mlio. Saisi mwenzake aliiwasha mashine nyuma ya banda, hatua kama 30 kutoka pale farasi alipokuwa akila pumba, akaizima kabla hajaacha kula. Siku iliyofuata akasogea hatua mbili. Walifanya hivyo dakika kumi kila siku, wala si saa nzima mara moja kwa wiki.

Siri iko hapo kwenye kuzima. Ukisubiri mpaka farasi aruke ndipo uzime, amejifunza kwamba akiruka mashine hunyamaza, na kesho ataruka mapema zaidi. Ukiendelea huku anahangaika, amejifunza kwamba hakuna anayemsikia. Inayobaki ni njia nyembamba katikati: kwenda mpaka pale anapoweza kuvumilia, ukasimama hapo, ukarudi angali ametulia. Na ili uijue njia hiyo huna budi kumtazama. Mkia uliobanwa, pua zilizotanuka na shingo iliyokakamaa vinasema jambo moja. Kichwa kinachoteremka, midomo inayolambwa na mguu wa nyuma unaopumzishwa vinasema jingine.

Wiki ya pili saisi alitumia simu yake. Aliiweka kwenye mtetemo, akaibandika begani kwa farasi, na mwenzake akawa anampigia kutoka upande wa pili wa uwanja. Mtetemo wa simu ni mdogo kuliko wa mashine, lakini ni mwanzo. Masaisi wengine walicheka mpaka wakashika mbavu. “Farasi anapigiwa simu!” walisema. “Mwambie apokee!” Saisi naye alicheka. Farasi alitikisa ngozi mara mbili tatu kama anayefukuza nzi, kisha akazoea.

Mambo yaliharibika wiki ya tatu, na hayakuharibiwa na farasi. Siku hiyo alikuwa ametulia kuliko siku zote. Mashine ilinguruma umbali wa mkono mmoja kutoka shingoni mwake, naye akawa anatafuna tu. Saisi alihesabu siku zilizobaki, akajiambia leo ndiyo leo, akaisogeza na kuigusisha shingoni. Farasi alijivuta nyuma kwa nguvu, kamba ikakatika, akakimbilia mwisho wa uwanja na kusimama huko akihema. Kesho yake hakutaka hata simu imguse. Kazi ya wiki mbili ilikuwa imemwagika kwa sekunde moja, na ilibidi kurudi kwenye ndoo na burashi.

Usiku huo alimsimulia mkewe, aliyekuwa akichagua maharagwe kwenye ungo. Mke alisikiliza mpaka mwisho, akatupa kijiwe kando.

“Baba watoto,” alisema bila kuinua macho, “farasi unampa wiki sita. Mtoto wako ulimpa dakika mbili.”

“Farasi ni kazi,” alijibu.

“Na mtoto ni nini?”

Hakuwa na jibu. Alitoka nje, akakaa kwenye kigoda kilekile mpaka taa za majirani zikazimika.

Kesho yake jioni alikaa tena hapo. Mtoto alikuwa akipanga vifuniko vya chupa kwenye vumbi, mbali kidogo kama alivyozoea. Baba alitafuta maneno kwa muda mrefu. Hakuwa na mfano wa kufuata, kwa kuwa babake mwenyewe hakuwahi kumwomba mtoto radhi, wala yeye hakuwahi kutarajia.

“Ile siku ya mashine nilikuchoma,” alisema hatimaye. “Nilijua umeumia, na bado nikaendelea. Nilikukosea.”

Mtoto hakuinua kichwa. Alipanga vifuniko vingine vitatu. Kisha akauliza, “Yule farasi naye analia?”

“Farasi halii. Anatetemeka.”

“Mimi nililia na nikatetemeka.”

“Najua.”

Hawakusema zaidi ya hapo siku hiyo. Lakini mashine ndogo ya nyumbani ilitolewa kabatini, ikawekwa mezani bila umeme, kati ya kopo la sukari na redio. Ilikaa hapo siku kadhaa. Baadaye baba alimwonyesha mtoto jinsi ya kuyafungua meno yake, kuyapangusa kwa burashi na kuyatia tone la mafuta. Mtoto ndiye aliyebonyeza swichi kwa mara ya kwanza, akiwa amenyoosha mkono wote na kufumba jicho moja. Baada ya hapo babake alikunja shati na kumpa mkono. Kwa wiki nzima baba alikwenda kazini na kipara kidogo mkononi, ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi.

Kule Karen, farasi alirudi polepole mahali alipokuwa amefika. Safari hii saisi hakuhesabu siku. Aliweka kiganja chake cha kushoto begani kwa farasi, na mkono wa kulia ukaegemeza mgongo wa mashine, isiko na meno, juu ya kiganja hicho, ili mtetemo umfikie farasi kupitia mkono anaoujua. Siku kadhaa zilipita hivyo. Kisha akaanza kuondoa kidole kimoja kimoja.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi katikati ya Desemba. Shule zilikuwa zimefungwa, na kwa ruhusa ya mwenye boma saisi alikuja na mwanawe. Mtoto aliwekwa nje ya ua na ndoo ya karoti, na kuonywa asivuke ukuta wa mbao hata farasi akimwita kwa jina.

Farasi alikuwa ameoshwa Ijumaa na kukaushwa vizuri, kwa maana vumbi na mafuta ya ngozi hufanya meno ya mashine yawe butu na kuvuta manyoya. Meno yalikuwa yamenolewa. Saisi alivaa gambuti za mpira, waya akaupitisha mbali na miguu ya farasi, na farasi dume mmoja mzee asiyejali kitu akafungwa jirani ale nyasi kavu mbele ya mwenzake. Kila baada ya dakika chache alizima mashine, akayatia meno mafuta, akayagusa kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono wake. Yakiwa ya moto, alingoja yapoe. Hilo la kugusa kwanza alikuwa ameliongeza mwenyewe. Hakueleza kwa nini.

Alianzia begani, mahali pasipo na mnyeo mwingi, akienda kinyume cha manyoya kwa mikwaruzo mirefu iliyonyooka, kila mmoja ukipanda kidogo juu ya uliotangulia. Mkono wa kushoto haukutoka mwilini mwa farasi. Kwenye mikunjo ya ngozi nyuma ya mguu wa mbele aliivuta ngozi ikaze kwanza, maana hapo ndipo mashine hukata. Manyoya ya kijivu yalianguka chini kama pamba chafu.

Mara akazima, akarudi nyuma hatua mbili.

“Baba, mbona umesimama?” mtoto aliuliza kutoka uani.

“Amesema basi.”

“Amesemaje, na hana maneno?”

“Tazama mkia. Tazama na masikio.”

Mtoto alitazama. Mkia ulikuwa umebanwa, sikio moja limelala nyuma. Wakangoja wote wawili. Baada ya muda farasi alishusha kichwa, akalamba midomo, akatoa pumzi ndefu ya puani.

“Sasa amesema ndiyo,” mtoto alisema.

Mgongo, shingo na mapaja viliisha siku hiyo. Tumbo na mbavu za nyuma, penye mnyeo mkali, viliachwa mpaka Jumapili. Kichwa kilipunguzwa kwa makasi, na miguu ikabaki na manyoya yake. Daktari alikuwa ameacha dawa ya kulegeza kwa tahadhari, na haikuguswa. Mwenye boma alikuja na fimbo yake, akampapasa farasi shingoni kwa muda, akasema tu, “Asante sana,” sauti ikiwa imekauka.

Jumapili jioni mtoto aliketi kwenye kigoda kwa hiari yake. Makubaliano yalikuwa mafupi: akisema “basi,” baba anazima. Baba alianzia utosini, mbali na masikio. Alikuwa amefika nusu ya kichwa aliposikia, “Basi.”

Akazima.

“Malizia tu, kimebaki kidogo,” mama alisema kutoka jikoni. “Ataonekanaje?”

“Amesema basi,” baba alijibu.

Kwa siku tatu mtoto alitembea na kichwa kilichonyolewa nusu. Muuza duka aliuliza kama stima zilikuwa zimepotea. Watoto wa jirani walimwita majina. Mama alilalamika kwamba watu watasema hana uwezo wa kulea, na baba mwenyewe aliona haya walipopita pamoja kituo cha matatu. Ingekuwa rahisi kumbana tena kwa dakika moja. Lakini alikwisha kujifunza kilichomgharimu siku alipomgusa farasi shingoni kabla ya wakati.

Jumatano jioni mtoto alimngoja langoni. Mkononi alikuwa na mashine, na kichupa cha mafuta.

“Maliza,” alisema. “Lakini ya sikio polepole.”

Wazazi wengi humnyoa mtoto, humwosha, humpa dawa au humpeleka hospitali wakiwa na haraka, na haraka hiyo wakati mwingine haina budi. Kidonda hakingoji mtoto azoee. Lakini nywele hungoja. Kuna mambo mengi nyumbani yanayoweza kungoja siku tatu, na mzazi akiyatenganisha na yale yasiyongoja, huenda akagundua kwamba mara nyingi alitumia nguvu kwa sababu tu nguvu zilikuwa karibu.

Hofu yenyewe haikwisha. Manyoya ya farasi yaliota tena na akahitaji kunyolewa upya. Hadi leo, waya ukichomekwa kwenye soketi, huinua kichwa na kusimamisha masikio. Kisha hungoja aone mtu huyu atafanya nini. Na mtoto, mashine ikikaribia nyuma ya sikio, humshika baba kifundo cha mkono wa kulia. Kazi huwa ngumu hivyo, na mstari wa nywele hupinda kidogo. Baba huuacha mkono wa mtoto palepale.